Wimbo wa Kaka Yangu Una Mwenyewe

Ellernhütte, Thuringia,
Ujerumani.
9 Oktoba 1935

Mpendwa Ottilie, binti wa kaka yangu,

Pokea salamu zangu zenye harufu ya moshi wa kuni, maana baridi imeingia mapema na jiko langu limeanza ukaidi wake wa kila mwaka. U mzima, mwanangu? Mama yako miguu haimsumbui tena? Mwambie wifi yangu Rosina aache kupanda vile vilima vya Valparaíso kwa viatu vya kisigino kirefu kana kwamba bado ana miaka ishirini. Na wewe, kifua chako kikoje? Usicheke. Watu wa ukoo wetu huanzia kuugua kifuani, nami nitakuuliza habari hiyo mpaka nife. Mimi ni mzima. Meno yamepungua, ulimi haujapungua.

Barua hii usishangae kuiona ina stempu ya Uswisi. Florentine, yule rafiki yetu mwimbaji, yuko hapa kunitembelea na atakwenda nayo Zürich anakoishi, aitie posta kule. Barua za posta ya kwetu siku hizi hufunguliwa na watu wasiotajwa kwenye bahasha. Kwa hiyo leo naandika kwa uwazi.

Nimeisoma barua yako ya mwezi wa nane, nikaisoma tena nimesimama, kwa sababu hasira haikuniruhusu kukaa. Unasema kwenye klabu ya Wajerumani huko wameimba wimbo wa wapuliza vioo, na ulipowaambia ni wa baba yako, yule mzee mwenye duka la vyuma akakupigapiga begani na kusema, “Binti, huu ni wimbo wa kale wa wananchi, hauna mwenyewe.” Kisha unaniuliza kwa upole, kana kwamba unaomba radhi, kama kweli ni wa baba yako au mama aliongeza chumvi.

Una mwenyewe, Ottilie. Mwenyewe ni Anselm Trautner, kaka yangu, baba yako. Ukimwona tena huyo mzee wa vyuma, mwambie shangazi yako alikuwapo chumbani wimbo ulipotiwa kwenye santuri, yeye alikuwa wapi?

Ulipoondoka hapa ulikuwa mtoto wa miaka sita, basi acha nikuambie baba yako alikuwa mtu gani.

Alizaliwa katika nyumba hii hii ninamoandikia. Babu yako alikuwa mpuliza vioo, na Anselm naye alitiwa kiwandani akiwa bado mdogo, akapuliza bilauri na chupa mpaka mapafu yakamgomea. Baada ya hapo akapata kazi ya kupanga barua kwenye ofisi ya posta. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye masikio makubwa, na hakujua kabisa kucheza dansi ingawa alicheza kila harusi. Mashairi aliyatunga akitembea. Ukimwona anapita barabarani anasogeza midomo, hukumsalimia, maana hangekusikia. Mama yetu alisema, “Mwanangu huyu anaongea na watu ambao hawajafika.”

Alichapisha kitabu kimoja tu. Wakubwa wa mjini walikisifu bila kukisoma. Lakini Balduin Kröger, mpiga kinanda wa kanisa letu na rafiki yake wa utotoni, alikisoma, akayatia baadhi ya mashairi muziki. Florentine, binti wa mchinja nyama wa mji wa pili, akayaimba. Sauti ya Florentine wakati ule, mwanangu! Alikuwa akiimba kanisani, waliolala kaburini nje wanageuka wasikie vizuri.

Mwaka 1909 wakaitwa Berlin kurekodi. Nilifuatana nao kumlinda Anselm na upepo, nikabeba mafuta ya kuchulia kifua na keki ya plamu. Tulitegemea jumba la fahari. Tulikuta chumba kimoja chenye joto kama tanuri, na ukutani inatokeza pembe kubwa ya bati, mdomo wazi. Nyuma ya ukuta kulikuwa na sahani ya nta laini inazunguka, na sindano inachora sauti juu yake. Kinanda kilipandishwa juu ya meza za mbao ili kilingane na pembe. Balduin alikaa huko juu kama jogoo juu ya paa. Florentine aliambiwa asogeze kichwa karibu na pembe akiimba chini, na arudi nyuma akipanda juu, asije akaivunja sindano. Fundi wa mashine alimshika kiunoni akimvuta na kumsukuma. Florentine akamwambia, “Bwana, ukinishika hivyo mara nyingine, itabidi uende kuzungumza na baba yangu, naye ana visu.”

Tatizo likaja kwenye wimbo wa wapuliza vioo. Wimbo ulikuwa mrefu kuliko nafasi ya santuri. Fundi akasema, “Kateni ubeti wa mwisho.”

Anselm, ambaye siku nzima alikuwa amekaa kimya pembeni, akasimama. “Kata wowote mwingine. Huo, hapana.”

“Bwana mshairi, wateja hawahesabu beti.”

“Mimi sikuutunga kwa wateja. Niliutunga kwa mama zao.”

Ubeti wenyewe ndio huu, na wewe uujue kwa moyo. Ni mama anamwambia mwanawe:

Puliza, mwanangu, puliza, pumzi uipe bilauri,
usiipe parapanda, parapanda ni ya kaburi.

Wakabishana mpaka nta ikaanza kupoa. Ndipo Balduin akasema kutoka huko juu, “Toeni mwanzo wangu wa kinanda. Florentine aanze moja kwa moja.” Ule mwanzo wa kinanda Balduin aliuhangaikia majira yote ya baridi, na ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote alichopata kutunga. Aliutupa mwenyewe kwa ajili ya maneno ya rafiki yake. Nakuomba usilisahau jambo hilo la Balduin, maana nitakueleza na jingine lisilopendeza.

Ndiyo maana santuri ile inaanza ghafla, mtu anaimba kabla hujakaa vizuri. Na mwishoni, sauti ikishazima, unasikia mtu anasema “Haya!” Tulikuwa tumekatazwa hata kupumua, lakini Anselm alishindwa kujizuia. Fundi alitaka kurudia, nta zikawa zimemwishia. Hiyo ndiyo sauti ya baba yako, Ottilie. Neno moja tu. Na jina lake likachapwa kwenye ile karatasi ya duara katikati: maneno ya Anselm Trautner.

Santuri ikauzwa. Ikafika kwenye vilabu vya bia na majumba ya wauza kitambaa. Hapa Ellernhütte hakuna mtoto aliyelala bila wimbo huo. Halafu vita vikaja, vijana wakapelekwa stesheni, na siku moja mama mmoja kwenye jukwaa la reli akaanza kuuimba, akadakiwa na mwingine, mpaka ubeti wa mwisho. Wanaume wenye kofia za chuma walilia kama watoto. Baba yako hata hakuwapo. Alikuwa nyumbani anakubadilisha nepi.

Walimkamata kwa kuvunja mioyo ya askari. Jaji akamuuliza, “Hukujua kwamba parapanda ni ya jeshi?” Akajibu, “Mheshimiwa, nilijua ni ya kaburi. Ndivyo nilivyoandika.” Watu walicheka mahakamani, na kicheko kile kilimwongezea kifungo. Alitoka vita vilipokwisha, amebaki masikio. Alifariki majira ya machipuo ya 1920, wewe umekaa kitandani unamvuta ndevu na yeye anakubembeleza usiache. Mwaka uliofuata mjomba wako akamwita mama yako huko Chile. Hayo mengine unayajua.

Sasa nikueleze ya mwaka huu.

Tangu hawa wakubwa wapya na Chama chao washike nchi, kitabu cha Anselm kimeondolewa maktaba ya mji. Wimbo wakashindwa kuuondoa, maana hauko kwenye rafu, uko kwenye vinywa. Walipoona hawawezi kuuzima, wakaamua kuuiba.

Mwezi wa tano Balduin alikuja kwangu mchana, amevaa suti ya kanisani. Siku hizi ndiye mwongozaji wa kwaya ya mji. Nilikuwa kazini napaka rangi vibofu vya kioo vya mti wa Krismasi, kazi yangu ya miaka yote. Hakukaa.

“Dada Walburga, Sikukuu ya Wapuliza Vioo inakaribia. Chama kinataka tuimbe wimbo wa Anselm uwanjani.”

“Uimbeni. Nani amewazuia?”

“Kuna marekebisho kidogo. Ubeti wa mwisho.”

Akanisomea. Walikuwa wamempa yule mama maneno haya:

Puliza, mwanangu, puliza, pumzi ipe parapanda,
nchi inakuita leo, bendera juu imepanda.

Niliweka brashi chini. “Na jina la mtunzi?”

“Wimbo wa wananchi,” akasema akitazama dirisha. “Hauna mwenyewe. Knorrich anasema ni heshima kubwa, kuwa wa wananchi wote.” Knorrich ndiye mkubwa wa Chama hapa mjini. Zamani aliuza makaa ya mawe, na mizani yake haikupata kusema kweli.

“Balduin, wewe ulitupa mwanzo wako wa kinanda ili ubeti huo usikatwe.”

“Nilikuwa kijana, sina mke mgonjwa. Wanataka ukubali tu, wewe ndiye ndugu wa karibu aliyeko hapa. Ukikubali, mambo yatakwenda kwa amani. Neno moja tu, Walburga.”

“Ninalo neno moja. Hapana.”

“Wataimba hivyo hivyo.”

“Waimbe. Lakini wasije kunitafuta niwashikie ngazi wakipanda kuiba.”

Akaondoka bila kuaga. Nilipaka vibofu kadhaa vyote vibaya. Kisha nikasimama, nikaitoa gramafoni ya baba yako kabatini, nikaipangusa, nikaiweka dirishani. Unakumbuka dirisha letu? Linatazama lango la kiwanda. Jioni ile watu walipotoka kazini, nikaufungua mlango wa dirisha, nikaiweka santuri.

Florentine akaanza ghafla kama kawaida yake. Watu wakasimama. Mwanamke mmoja mwenye kikapu akasema, “Yesu wangu, ni ule wenyewe!” Wimbo ukaisha, Anselm akasema “Haya!”, nikafunga dirisha. Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo. Wiki nzima, kisha ya pili. Wasichana wa kiwandani ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa vita walikuwa wakichelewa makusudi kwenda nyumbani. Wakajua kila neno.

Siku moja Knorrich alipita na buti zake. Akaniambia kutoka barabarani, “Mama, punguza sauti.”

“Santuri haina sauti mbili, bwana. Ukitaka ndogo, simama mbali.”

Wasichana wakazomea. Akawatazama mmoja mmoja, wakanyamaza, akaenda zake. Hiyo ilikuwa ishara mbaya na niliijua. Lakini jioni iliyofuata nikafungua dirisha tena.

Sikukuu ikafika. Uwanja ulijaa, bendera zao kila mlingoti, soseji zinachomwa, bia inamwagika. Nilivaa gauni langu jeusi nikakaa mstari wa mbele, na hakuna aliyethubutu kuniambia nihame. Knorrich akapanda jukwaani akatangaza, “Sasa wimbo wa kale wa wananchi wa Thuringia!” Nikasema kwa sauti, “Wa Anselm Trautner!” Akajifanya hakusikia, lakini shingo yake ilisikia, ikawa nyekundu.

Balduin akainua mikono. Kwaya ikaimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, vizuri, siwezi kusema uongo. Ukaja wa mwisho. Kwaya ikaimba “Puliza, mwanangu, puliza,” na hapo nikafungua mdomo wangu kuimba maneno ya kaka yangu. Unajua sauti yangu, ni ya bata. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Sikuwa peke yangu, Ottilie! Nyuma yangu waliimba wasichana wa kiwandani, waliimba mama wa vijana wa stesheni, waliimba wanaume walioshika bilauri za bia. Uwanja mzima ukaimba bilauri, ukaimba kaburi, na ile parapanda ya Knorrich ikazama ndani ya sauti za watu kama jiwe kisimani. Wanakwaya wenyewe wakatazamana, kisha sauti za juu zikahamia upande wetu.

Nikamtazama Balduin. Mikono yake ilisimama hewani kidogo. Angeweza kuishusha, wimbo ukakatika. Hakuishusha. Alituelekea sisi watazamaji, akatuongoza mpaka neno la mwisho, machozi yanamtiririka mpaka kwenye masharubu. Kisha mzee mmoja nyuma kabisa akapaza sauti: “Haya!”

Uwanja ukalipuka kwa kicheko na makofi. Sijapata kusikia kelele tamu kama ile.

Walikuja kunichukua kesho yake asubuhi. Kituoni polisi kijana aliniuliza, “Nani alianzisha?”

“Anselm Trautner.”

“Yuko wapi?”

“Makaburini, mkono wa kushoto ukiingia. Kamkamate.”

Nilikuwa na woga wa kutosha, usidhani shangazi yako ni simba. Walinishika kwa siku kadhaa chumba cha chini chenye maji ukutani, na kifua changu bado kinadai. Niliporudi nyumbani nilikuta wamebeba gramafoni, na santuri zote wamezivunjia uani, vipande vyeusi vimetapakaa kati ya kabichi zangu. Nilikaa chini nikalia. Kisha nikaviokota, kwa sababu kabichi ni kabichi na lazima zipaliliwe.

Kiwanda kimeacha kunipa vibofu. Balduin amevuliwa uongozi wa kwaya, na walipomhoji alisema yeye alipiga mapigo tu, watu ndio walioimba. Wengine wanamwita mwoga kwa jibu hilo. Mimi sijamaliza kumkasirikia kwa ile siku ya suti, lakini kila Jumapili nampelekea supu ya viazi kwa ajili ya mkewe, na tunakaa bila kuzungumza. Juzi alienda kwenye kinanda chake kibovu akapiga ule mwanzo uliotupwa Berlin, wote, bila kukosea. Nilikuwa sijausikia tangu 1909. Ni mzuri, Ottilie. Ni mzuri sana.

Florentine anayo santuri nyingine Zürich, haina hata mkwaruzo, na ameapa kuifunga katika pamba na kukutumia kwa meli. Yeye mwenyewe amezeeka, anatembea na fimbo, lakini jana alipokuwa akimenya viazi jikoni kwangu aliuimba ubeti wa mwisho dirisha likiwa wazi, na barabarani watu walivua kofia.

Sasa, kuhusu nauli ambayo mjomba wako anataka kunitumia ili nije kuishi nanyi. Mshukuru sana, mbusu mikono kwa niaba yangu. Najua mnaniogopea, nami najua kwa nini. Lakini siji.

Nisikilize kabla hujalia. Sikuolewa, kwa hiyo bado naitwa jina nililozaliwa nalo. Wamelifuta kwenye vitabu, wamelifuta kwenye programu ya sikukuu, wamekataza lisitajwe kwenye gazeti. Lakini kila asubuhi mwoka mikate anasema, “Habari za asubuhi, Bibi Trautner.” Tarishi anaita getini, “Trautner!” Kasisi ananitaja, majirani wananitaja. Hata Knorrich mwenyewe, tukikutana mahali pembamba, inambidi aseme, “Nipishe, Bibi Trautner,” nami huwa sipishi mpaka aseme mara ya pili. Nikiondoka, nani atawalazimisha?

Nisalimie mama yako, mjomba wako Korbinian na mkewe, na yule kijana ambaye humtaji jina katika barua zako ila unataja kofia yake kila ukurasa. Florentine anakubusu mashavu yote mawili. Balduin hajaniambia nikusalimie, lakini aliniuliza kama una masikio ya Anselm, nikamwambia unayo.

Mungu akutie nguvu kifuani na ukaidi moyoni, na asikunyime kimojawapo.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye kuliko maneno,

Walburga Trautner